Jedwali lenu limesahau miguu yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu pikipiki ya safari BMW R 1300 GS na washindani wake. Niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, hadi mzee wangu, yaani mume wangu, akaniuliza kama nasahihisha mtihani. Nikamwambia ndiyo.

Nijitambulishe kwanza. Mimi ni mwanamke wa miaka 54, kazi yangu ni upimaji ardhi, na nimesafiri kwa pikipiki tangu nikiwa na miaka 27. Urefu wangu ni sentimita 163. Kutoka msambani hadi chini ya kisigino, buti likiwa mguuni, ni sentimita 76. Nimejipima mwenyewe kwa futikamba, na futikamba ndiyo iliyonisomeshea watoto. Nina kilo 61. Ninayembeba nyuma ni mume wangu, kilo 88, ambaye hajawahi kujifunza kuendesha na wala hana mpango huo. Namba hizo zishikeni, nitazirudia.

Mwandishi wenu amejitahidi kukusanya takwimu. Jedwali lake limepanga pikipiki sita kwa nguvu za farasi: Ducati Multistrada V4 juu kabisa na farasi 170, KTM 1290 Super Adventure 160, Harley-Davidson Pan America na Triumph Tiger 1200 kwenye 150, BMW mpya 145, na mkiani Honda Africa Twin na farasi wake 102. Baada ya jedwali, makala nzima inateremka kwa mpangilio ule ule. Mwenye farasi wengi kapewa aya tano na picha mbili, Honda kapewa aya moja, tena fupi. Pikipiki zenye injini ndogo kuliko hizo hazikuingia jedwalini kabisa, eti ni za wanaoanza.

Namba zenyewe ni za kweli, sina ugomvi nazo. Swali langu ni hao farasi wanaishi wapi. Farasi 145 wa GS wanapatikana injini ikizunguka mara 7,750 kwa dakika. Kwa miaka yote hii, nikiwa na mume nyuma na masanduku matatu, sidhani nimezungusha injini yoyote kubwa hadi huko zaidi ya mara tano, na moja kati ya hizo ilikuwa bahati mbaya, nilitaka gia ya nne ikaingia ya pili. Msafiri mwenye mzigo anaishi chini zaidi, kwenye mizunguko elfu tatu, nne, tano. Na hapo, ajabu, ndipo BMW ilipostahili sifa ambayo mwandishi wenu hakuipa. Injini ile inatoa zaidi ya nyutonimita 130 (kipimo cha nguvu ya kusokota, ile inayosukuma mzigo) tangu mizunguko 3,600 hadi 7,800. Maana yake ukiwa nyuma ya lori kwenye mlima unaongeza mafuta kidogo tu, hugusi gia, na pikipiki inaondoka na mizigo yake. Nasema hivi kwa sababu nimeiendesha. Rafiki yangu aliyeinunua aliniachia kwa siku mbili, akanipa na funguo za masanduku, Mungu ambariki.

Lakini hata hilo si la kwanza. La kwanza ni pikipiki ikiwa imesimama.

Miaka minane iliyopita nilikuwa na pikipiki kubwa ya safari, ya kampuni ambayo siitaji, kwa sababu kosa lilikuwa la fizikia na la kwangu. Kilo 260 kabla ya mizigo. Tulisimama kwenye barabara ya changarawe ili mzee apige picha ya bonde. Barabara ya changarawe iliyochongwa vizuri na greda huinuka katikati na kushuka pembeni ili maji yatoke. Mimi mpimaji nalijua hilo kuliko watu wengi, na bado nilikwenda kusimama pembeni kabisa. Nikashusha mguu wa kushoto. Ardhi haikuwepo. Yaani ilikuwepo, ila sentimita sita chini ya pale nilipoitarajia.

Pikipiki nzito haianguki ghafla. Inaegemea, unaihisi inaegemea, kwa nusu sekunde unadhani utaiweza, kisha inapita ile pembe ambayo hakuna paja la binadamu linaloweza kuirudisha. Ililala taratibu, kwa adabu, kama ng'ombe aliyechoka. Mzee aliruka akatua kwa miguu miwili, kamera iko salama. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mtaro.

Kuinyanyua ndiko kulikonifundisha. Ilikuwa imelalia upande wa bondeni, magurudumu yakiwa juu kuliko siti. Ukiwa hivyo unainua uzito wote na mlima juu yake. Mzee akashika usukani, akaanza kuvuta kwa mgongo, nikamkemea aache kabla hatujawa na majeruhi wawili. Tukatoa masanduku yote. Sufuria ikabingirika ikaenda zake. Kisha tukaizungusha ikiwa bado imelala, ikizungukia kwenye vyuma vya kukinga injini, mpaka magurudumu yakaelekea bondeni. Nikaingiza gia ya kwanza isije ikatambaa. Nikakunja usukani kuelekea tangi, nikaipa pikipiki mgongo, makalio kwenye ukingo wa siti, mkono mmoja kwenye mpini wa usukani ulio chini, mwingine kwenye chuma cha nyuma, nikachuchumaa na kurudi kinyumenyume kwa hatua za mtoto, miguu ndiyo ikifanya kazi. Stendi ya pembeni iko kushoto, upande ule ule ilikolalia, kwa hiyo haikuweza kufunguliwa mapema. Mzee alisimama upande wa pili kuizuia isipitilize, nami nikaipiga stendi teke ilipofika wima. Dakika 40 tangu ianguke. Mikono ilinitetemeka hadi jioni. Picha ya bonde ilitoka vizuri, iko ukutani sebuleni, na sipendi kuitazama.

Tangu siku ile, mtu akiniambia pikipiki ina farasi 170 namuuliza siti yake iko milimita ngapi kutoka chini.

Basi turudi kwenye GS. Siti yake ya kawaida iko milimita 850. Mguu wangu ni 760. Toa. Mwandishi wenu, ambaye kwenye picha anaonekana ana urefu wa mlango, ameandika kwamba siti ni rafiki kwa kila mtu. Rafiki wa nani? Kwa 850 mimi nafika chini kwa ncha ya buti moja, tena baada ya kuteremsha nyonga upande. Lakini pikipiki ya rafiki yangu ilikuwa na kile kifaa cha ziada kinachoishusha milimita 30 unapopunguza mwendo kuelekea kusimama, kisha kuirudisha juu ukishaondoka. Harley walitangulia na wazo hili kwenye Pan America mwaka 2021. Kwa 820 nilisimama kwenye taa kwa ncha za miguu yote miwili, na kwa mara ya kwanza kwenye pikipiki ya ukubwa huo sikuwa natafuta ukingo wa barabara wa kukanyaga. Huu ndio uvumbuzi mkubwa kwenye pikipiki za safari kwa miaka mingi, kwa watu wa kimo changu. Katika makala yenu umetajwa ndani ya mabano.

Rada ya kupima umbali wa gari lililo mbele, ambayo ilipewa aya nzima, nimeijaribu. Inakusaidia kwenye barabara kuu iliyonyooka. Basi.

Mwandishi alisifu pia kwamba GS imepungua kutoka kilo 249 za R 1250 GS hadi 237. Ni kweli na ni jambo jema. Kilo 12 ni hema letu, mikeka ya kulalia na vyombo vya kupikia. Ila tusisahau tulikotoka. R 80 G/S ya mwaka 1980, ile iliyoanzisha ukoo huu (herufi zenyewe ni Gelände na Straße, nje ya barabara na barabarani), ilikuwa na farasi 50 na kilo 186, na mwaka uliofuata Hubert Auriol alishinda mbio za Paris-Dakar kwa BMW ya ukoo huo. Leo R 1300 GS Adventure, dada mkubwa wa hii tunayoizungumzia, ana kilo 269 na tangi la lita 30. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo, kwa hiyo tangi likijaa ni kilo 22 zimekaa juu ya magoti yako, mahali pabaya kuliko pote kwa mtu anayejaribu kusimama wima. KTM waliliona hilo. Kwenye 890 Adventure tangi limeshushwa likaning'inia pande mbili za injini, na ukiitikisa kati ya mapaja yako unahisi tofauti kabla hata hujaiwasha.

Sasa hizo zilizoachwa nje kwa kuitwa za wanaoanza. Hapa nitakuwa mkweli hata kama inadhoofisha hoja yangu, kwa sababu nilitarajia ndiko ulipo wokovu wangu. Yamaha Ténéré 700 ilipotoka 2019 ilikuwa na kilo 204 tu, na tangu hapo watu wameisifu hadi wamechoka. Siti yake iko milimita 875. Niliipanda ikiwa kwenye stendi, nikakaa juu kama kuku kwenye paa, na kushuka niliomba msaada. Nyepesi, ndiyo, lakini si ya miguu hii mpaka ishushwe. Suzuki V-Strom 800DE ina kilo 230, saba tu pungufu ya GS, pamoja na kwamba injini ni ya ujazo wa cc 776. Huko sikuona nilichookoa. Honda Transalp, ile ya cc 755 iliyotoka 2023, ina kilo 208 na siti ya 850 sawasawa na ya GS, lakini ni nyembamba kati ya mapaja, na wembamba ni urefu wa mguu. Hili majedwali hayalipimi. Siti mbili zenye kimo kile kile zinaweza kutofautiana kwa upana kiasi kwamba moja unaifikia na nyingine huifikii. Na Royal Enfield Himalayan 450, farasi 40, kilo 196, siti 825, ndiyo pekee niliyoipanda nikakaa bila kufikiria chochote. Farasi 40! Mwandishi wenu angeiweka ghalani. Kwa mtu anayekwenda peke yake, taratibu, kwenye njia ya mawe, nikiwa na hiyo ningefika kabla ya mtu aliyeko kwenye mtaro anainua Multistrada.

Peke yake, nimesema. Maana kuna mzee.

Toa 237 katika 465, ambao ndio uzito wa mwisho unaoruhusiwa kwa GS ikiwa na kila kitu juu yake. Unabaki na 228. Sasa hesabu nami: mimi 61, yeye 88, hiyo ni 149. Helmeti, jaketi, suruali na buti za watu wawili, nilizipima bafuni, kilo 18. Masanduku matatu yakiwa matupu na vyuma vyake, 16. Tumefika 183. Mizigo yenyewe ya wiki mbili, kwa watu wazima waliokwisha kujifunza kuacha vitu nyumbani, kilo 35. Jumla 218. Zimebaki kilo kumi, ambazo ni maji ya kunywa na kitabu kimoja cha mzee. Hivyo hata GS, pikipiki kubwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, tunaijaza karibu hadi ukomo. Himalayan na Ténéré kwa mzigo huo zingepiga chini kwenye kila shimo, shokapu zikiwa zimefika mwisho wa mwendo wake. Namba hii ya uzito unaoruhusiwa haikuwemo kwenye makala yenu kwa pikipiki hata moja kati ya sita. Ningeomba mtu aniambie ni msafiri gani hununua pikipiki ya safari bila kuijua.

Kuhusu magurudumu nitakuwa mfupi. Ténéré, Transalp na V-Strom 800DE zina spoki na tyubu. Pancha ya tairi lisilo na tyubu unaiziba kwa kamba ya mpira ukiwa umepiga magoti, gurudumu likiwa mahali pake, dakika kumi na pampu ndogo. Ya tyubu unafungua gurudumu, unabandua tairi kwenye rimu kwa liva, unaomba usiitoboe tyubu mpya kwa liva hiyo hiyo, na mimi nimewahi kuitoboa. Wanaopenda tyubu wana hoja: rimu ikigonga jiwe ikapinda, tairi lisilo na tyubu linavuja pale ilipopinda, lenye tyubu linaendelea. Kweli. Ila nimepata pancha nyingi kuliko rimu zilizopinda. GS hata ikiwa na spoki haihitaji tyubu, alama nyingine kwake. Na gurudumu lake la nyuma linazungushwa kwa shafti (mhimili wa chuma) badala ya cheni, kama Tiger 1200. Aliyewahi kusafisha cheni jioni kwenye mvua, akiwa na kitambaa kimoja na tochi mdomoni, haelezwi faida ya shafti. Inaongeza uzito, nakubali, na ikiharibika huitengenezi barabarani kama unavyounga cheni.

Umeme ndio unanipa shaka. Pikipiki niliyokuwa nayo baada ya ile ya mtaroni (nayo siitaji) ilinizimikia kila nilipoingiza gia. Inawaka vizuri ikiwa huru, ukiingiza ya kwanza inazima. Saa mbili tulikuwa tumekaa pembeni ya barabara, mimi nafungua siti, nakagua fyuzi, mzee anasoma. Mwishowe nikakumbuka kwamba kwenye stendi ya pembeni kuna swichi inayozuia injini isifanye kazi ukiwa umeisahau chini. Tope lilikuwa limekauka hapo. Pikipiki iliamini kwamba stendi iko chini. Nikaisugua kwa mswaki wangu, nikamwagia maji, ikakubali. Swichi moja tu ndogo! Multistrada inaweza kuja na rada mbele na nyuma, GS ina shokapu zinazojipima na kujishusha zenyewe, na kile kifaa ninachokisifu hapo juu nacho ni umeme na vavu na pampu. Nakitaka na nakiogopa. Ningependa mwandishi wenu aseme kinafanya nini kikikwama: pikipiki inabaki chini au inabaki juu? Kwa mtu wa sentimita 163 hilo si swali dogo.

Kwa hiyo hukumu yangu, kwa kuwa makala yenu ilitoa yake. Kwa mimi na mzee, lami nyingi na changarawe kidogo, GS yenye kifaa cha kushuka ni ya kwanza, na si kwa sababu ya farasi. Africa Twin ya farasi 102 naiweka ya pili, juu ya wote wenye 150 na kuendelea. Farasi hao wanatosha kabisa, na kwa anayetaka kuna gia zinazojibadilisha bila klachi, ambazo ukiwa kwenye kona kali ya mlimani na abiria nyuma zinakuondolea hofu ya injini kuzima pikipiki ikiwa imeinama. Nikienda peke yangu, Transalp au Himalayan, na usiku wa kuamkia safari ningelala usingizi.

Mtu mwenye miguu ya sentimita 90 na asiye na mume wa kubeba ataipindua orodha hii yote, na atakuwa sahihi. Ndiyo maana ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kila mnapochapisha majaribio ya pikipiki, pembeni ya jina la mwandishi ziwekwe namba zake: urefu, mguu, uzito. Milimita hazina siri. Na kabla hajaandika neno la kwanza, mwambieni ailaze pikipiki kwenye nyasi, tangi likiwa limejaa, ainyanyue peke yake, na mtuandikie ilichukua dakika ngapi. Akishindwa, mtuandikie hilo pia.

Nilimsomea mzee barua hii kabla ya kuituma. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nimeandika kurasa nzima kuhusu siti ya mbele na sijasema neno moja kuhusu siti ya nyuma, ambako yeye ameishi miaka 22. Kwamba kwenye GS magoti yake yanakunjika kuliko kwenye ile ya mtaroni, na kwamba vishikio vya nyuma ni vizuri lakini sanduku la juu linamchoma kiunoni. Nimemwambia aandike barua yake mwenyewe. Ameanza, ana kalamu nyekundu.

Wasalaam,
Msomaji wenu mwenye miguu mifupi